Kichwa cha Zlatina

Miaka kumi na moja Zlatina aliwaogesha wazee wa Kijerumani mjini Stuttgart. Alirudi kwao Vidin na mimba ya pili, Kijerumani kizuri, na kichwa kilichosahau kwao. Heshima ya ukoo hakuisahau. Asubuhi ya upasuaji wa kujifungua, mama yake, mwalimu mstaafu, alimwonya: "Mwanangu, usilalamike mbele za watu. Sisi si watu wa mayowe."

Zlatina alitaka jambo moja tu. Binti yake wa kwanza alipozaliwa kwa upasuaji kule Stuttgart, Zlatina alitapika mfululizo, mtoto akapitishwa mbele ya macho yake kama kifurushi cha jirani. Huyu wa pili alitaka alazwe kifuani pake saa ileile.

Kabla ya kumchoma ganzi ya mgongoni, Daktari Bozhkova alimhoji, kalamu mkononi.

"Upasuaji uliopita ulitapika?"

Zlatina akainamisha kichwa, akakiinua.

"Ukisafiri kwa gari, roho hukuchafuka?"

Akainamisha tena.

"Safi kabisa! Hilo tumbo la chuma." Daktari akaandika.

Safi? Zlatina hakuona usafi uko wapi. Pengine ulikuwa utani wa madaktari. Akanyamaza, kama alivyolelewa.

Ganzi ikapanda, miguu ikawa kama imeazimwa. Mara dari ikaanza kuyumba, masikio yakavuma, mate yakamjaa mdomoni.

"Kichefuchefu?" daktari akauliza.

Akainamisha kichwa kwa nguvu.

"Vizuri."

Vizuri tena! Akainamisha mara ya pili, machozi yakimlenga. Hawamwoni, au wanamdhihaki? Akakumbuka onyo la mama, akauma ulimi.

Muuguzi Stoyka, mama wa makamo aliyekuwa amemshika mkono, aliitazama ile midomo iliyopauka na jasho lililomtoka. "Wee binti, hebu sema kwa mdomo. Hicho kichwa chako kinaishi nchi gani?"

"Ndiyo! Nataka kutapika! Nasema ndiyo tangu asubuhi!"

"Ndiyo ya wapi hiyo? Kwetu ndiyo ni hivi." Stoyka akatikisa kichwa kulia na kushoto. "Ukiinamisha na kuinua, umesema hapana. Umetuambia hapana asubuhi nzima!"

"Mungu wangu," daktari akasema. "Na ile sindano ya kuzuia kutapika ningekupa mapema."

Ganzi ilikuwa imemshusha presha; dawa ya kuipandisha ikaingia mshipani, ile sindano ikafuata. Stoyka akamgeuza uso pembeni, akamsogezea beseni. Dari ikatulia polepole. Beseni likabaki kavu.

Mtoto akalia. Wa kiume.

"Tukulazie kifuani?" daktari akauliza.

Zlatina akaanza kuinamisha kichwa, akasita. Akakitikisa, napo hakuwa na hakika. Mwishowe akapaza sauti iliyofika hadi koridoni: "Ndiyo! Nipeni mwanangu!"

Kule koridoni mama yake aliuweka sawa ushungi wake, akawageukia wenzake wa benchini.

"Huyo ni wangu," akasema.