Vitufe vya Rangi ya Fedha

Kompyuta ile niliinunua hapa Kisangani, kwa mama mmoja kutoka Butembo mwenye duka karibu na soko kuu. Nilijiona mjanja. Niliuliza habari za betri, nikafungua na kufunga kifuniko, nikakagua pembe zote kama kuna ufa. Vitufe vilikuwa vya rangi ya fedha, vyenye herufi nyeupe, na chini ya taa kali za dukani vilipendeza. Kama vinawaka gizani, sikuuliza.

Kazi yangu ni kuwachapia wanafunzi tasnifu zao, wengi wao wakitoka kuchunguza panya na ndege katika msitu wa Masako. Siku iliyofuata, mchana, mvua kubwa ilishuka, umeme ukakatika, nyumba ikawa nusu giza. Nikatazama vitufe. Upande wa kulia haukuwa na herufi hata moja. Nikiinamisha kichwa zilijitokeza, kisha zikazama tena.

"Wameniuzia takataka," nikamwambia mke wangu.

Akaja, akainama. "Herufi ziko, papa ya watoto. Haziwake tu."

Nilikasirika. Mvua ilipokatika na umeme ukawaka, tukaenda wote wawili dukani. Yule mama hakubisha. Alizima taa, akashusha pazia la mlango, na mke wangu akasoma herufi zote mpaka mwisho wa mstari. Nilidhani anakisia.

"Bon, nitakubadilishia," mama akasema. "Iko ingine yenye kuwaka."

Akaleta kompyuta nyeusi, akabonyeza kitufe, herufi zikawaka kama makaa.

"Soma," mke wangu akaniambia.

Nikasoma mstari wa juu kutoka kushoto, kwa mpangilio wa Kifaransa: A, Z, E, R, T, Y, U. Baada ya hapo palikuwa peusi.

"Hii nayo imeharibika upande huu," nikasema.

Nikasikia mama akipandisha pazia taratibu. "Papa," akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kuuzia, "enda kwanza hospitali. Mashine nitakuwekea."

Njiani mke wangu alinishika mkono wa kulia. Alinieleza kwamba naangusha vikombe, kwamba watu wakinisalimia upande huo napita kama sijawaona, kwamba pikipiki ilikaribia kunigonga na mimi sikushtuka hata kidogo.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa naogopa kuwa mimi mwenye kusema."

Hospitalini daktari alinifunika jicho la kushoto, na chumba kizima kikazimika. Alisema ni presha ndani ya macho, imekula polepole bila maumivu. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na la kushoto lilikuwa limeanza kulifuata. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ingeweza kuchelewesha tu.

Niliichukua ile kompyuta nyeusi. Natia matone asubuhi na jioni, na bado nachapa, ingawa polepole, mke wangu akinisomea karatasi. Kila asubuhi, kabla ya kuanza, nakaa palepale kitini na kutazama dirisha moja kwa moja bila kugeuza kichwa.

Wiki hii ubao wa kulia wa dirisha siuoni tena. Nilimwambia. Akakisogeza kiti chake upande wangu wa kushoto, akaendelea kusoma.