Nywele zangu kwenye mfuko wa shati lake

Admin, ficha jina langu na la mwanaume nitakayemtaja, maana Kahama ni ndogo na maneno yanatembea. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nina ualbino, na nina saluni maeneo ya Nyahanga. Nasuka. Macho yangu hayaoni vizuri, lakini vidole vyangu havikosei mstari.

Niseme mapema: mimi ni mtu wa kushuku, na msinicheke. Nimekulia kijijini upande wa Ushirombo. Mama akininyoa alikuwa anatandika kanga chini, anakusanya kila unywele, anautia jikoni na kusimama pale mpaka harufu iishe. "Ng'wanone," alikuwa akiniita, yaani mwanangu, "kuna watu wanaamini nywele zako zinaita dhahabu. Usiache hata moja." Mpaka leo nywele za wateja natupa jalalani, zangu nachoma.

Miaka yote nimevaa wigi jeusi na mikono mirefu. Saluni yangu ina kioo ukuta mzima, na mimi nilikuwa nasuka nimeinamia vichwa vya watu ili nisijione. Nikipita stendi wahuni wanapiga kelele "dili hilo!", yaani mimi ni pesa inayotembea, nakaza mwendo. Mteja akinisifia, najiuliza anataka nini. Mtu akinipa lifti, namwambia nimeshafika.

Ndipo akaja huyu, nimwite Masanja. Ana duara upande wa Geita, yaani shimo la dhahabu anachimba na wenzake. Mchimbaji! Hapo hapo nikamkatalia. Alikuja kwanza kumleta dada yake asukwe, akawa anarudi hata dada yake akiwa hasuki. Siku moja akaniambia mbele ya Mama Neema, mwenzangu wa hapo saluni, "Hilo wigi ni la nani? Mimi namtafuta mwenye kichwa." Mama Neema alicheka mpaka akadondosha kitana. Mimi nilienda uani nikalia.

Lakini jamani, nilivua. Kwanza nyumbani, baadaye saluni. Mama Neema akanisuka mtindo wa twende kilioni, mara yangu ya kwanza kusukwa na mtu asiye mama yangu. Nilijitazama kwenye kioo mpaka mteja akauliza kama nimemsahau. Nilijipenda, nasema bila aibu. Masanja nikamkubali, na wazee wake wanakuja Jumamosi hii kuzungumza mahari na wajomba zangu.

Sasa sikilizeni. Wiki mbili zilizopita, Jumapili mchana, nilifumua nywele nyumbani, nikapunguza ncha, nikafagia, nikaenda kuchoma jikoni kama kawaida. Masanja nilimwacha sebuleni anakunywa chai. Narudi namkuta amechuchumaa karibu na kiti nilichokuwa nimekalia, anaokota kitu na kukitia kwenye mfuko wa shati.

"Umeokota nini?"

"Hamna kitu."

Hiyo "hamna kitu" ndiyo iliyoniua. Nilimrukia, mfuko ukachanika. Ndani kulikuwa na karatasi imekunjwa vizuri, na ndani ya karatasi nywele zangu.

Hakukasirika. Alikaa pale pale sakafuni akasema, "Ukifagia huwa zinabaki, macho yako hayazioni. Kila nikija naokota, nachoma kwangu. Nilijua nikikwambia zinabaki hutalala tena."

Maneno matamu, sivyo? Nikamfukuza. Halafu nikamwita Mama Neema, nikamwambia aangalie sakafu niliyofagia mwenyewe. Akapiga magoti, akainua mguu wa kiti. "Zipo, dada," akasema. Kwa hiyo ni kweli zinabaki. Lakini kwamba anazichoma, nani ameona?

Juma lililopita akapiga simu ana furaha, kasahau hata ugomvi wetu. "Mama," ndivyo anavyoniita, "duara limetema!" Yaani wamekutana na dhahabu baada ya kuchimba mawe matupu muda mrefu. Nilikata simu nikakaa chini. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni zile nywele.

Mnanielewa? Mimi ninayewaambia watu kila siku kwamba ni binadamu kama wao, nimejikuta naamini uongo wa wale wauaji wanaotuwinda kuhusu mwili wangu mwenyewe. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyomlilia Masanja.

Mama anasema hapana. "Sijakuficha miaka yote hiyo nije nikupeleke kwa mchimbaji kwa mkono wangu." Mama Neema naye anasema, "Angekuwa na nia mbaya, shoga, angehangaika na vinywele sakafuni wakati anakuona kila siku?" Lakini Mama Neema alipewa kitenge na Masanja sikukuu iliyopita, kwa hiyo na yeye sasa namtazama kwa jicho lingine. Ona nilipofikia.

Jana Masanja alikuja saluni. Nilikuwa nimesharudisha wigi kichwani. Kwenye kioo niliona ananitazama. Akaweka kiberiti mezani kwangu. "Kuanzia sasa tutachoma wote, wewe ukiangalia," akasema, akaondoka.

Mnajua nilifanya nini? Nilikifungua kile kiberiti, nikamwaga njiti zote mezani kutafuta alichoficha ndani. Zilikuwa njiti tu. Nilizirudisha huku wateja wananishangaa.

Jumamosi ni keshokutwa. Ndugu zangu, hasa dada zangu wenye ngozi kama yangu mlioolewa, niambieni mliwezaje kujua. Je, huku kushuku ndiko kulikoniweka hai, au ndiko kunakoninyima kuishi? Nimpokee au nimkimbie? Na nikimkimbia, hili wigi nitalivua tena lini?