Saa Kumi na Moja Iliyomwacha Dada Bandarini

Kosa ni langu. Si la mtoto, si la meli, wala si la watu wa kile kisiwa. Ni langu mimi, na mwaka mzima sasa nimemwachia binti wa dada yangu alibebe.

Naandika kwenye ukurasa huu wa barua gazetini bila jina kwa sababu naogopa. Wanaonijua wananijua kwa mdomo, mdomo nimejaliwa, nagombana na madereva wa teksi mpaka wananirudishia nauli. Lakini kwa hili mdomo wenyewe umenishinda.

Mimi nakata tiketi. Nipo kwenye kiofisi cha mabasi hapa Marshalltown, Joburg, mabasi ya Lusaka, Lubumbashi na Dar. Kwa hiyo kazi yangu ni saa, na hilo liwekeni akilini, maana ndilo linaloniumbua. Mtanzania ukimwambia basi linaondoka saa kumi, anajua ni alasiri. Wakongo wengine wanahesabu kama Wafaransa, ukimwambia saa kumi anakujia asubuhi na mabegi yake. Na hawa watoto wetu waliozaliwa huku, kwao kumi ni ten, basi, hawana habari nyingine. Ndiyo maana kila tiketi naandika mara mbili: 16:00, na chini yake saa kumi jioni. Miaka yote niliyokaa kwenye lile dirisha, hakuna abiria aliyeachwa na basi kwa kalamu yangu.

Aliyeachwa ni dada yangu wa tumbo moja, na aliachwa na meli.

Dada anakaa Turffontein na binti yake. Binti nitamwita Zuhura, jina nimelibadilisha. Dada anauza masufuria ya kampuni, yale mazito yasiyounguza, nyumba kwa nyumba, jua lake mvua yake. Mwaka juzi akawa muuzaji bora, kampuni ikampa zawadi: safari ya meli visiwa vya Karibiani, wiki nzima, watu wawili. Watu wawili, jamani! Niliposikia nilipiga kigelegele kwenye foleni ya teksi, watu wote wakanigeukia. Nilijua huyo wa pili ni mimi. Nani mwingine?

Akamchukua Zuhura.

"Mdogo wangu, usinielewe vibaya," aliniambia. "Kiingereza changu unakijua. Na hii sukari yangu, nikizidiwa, mtoto anajua kunidunga sindano."

"Hamna neno, Dada," nikamjibu. "Nendeni mkafurahi."

Lakini moyoni, astaghfirullah! Kijicho kitupu. Nikawa namwangalia yule mtoto, miaka kumi na tisa, Kiswahili chenyewe anakisikia tu, akikijibu ni kwa kuchechemea, nikasema ndiyo huyu atakayekaa juu ya meli mimi nabaki nauza tiketi za Lusaka? Eish!

Nikajipa kazi ya kuwapangia. Kwenye hizo meli, kila mkifika kisiwa wanawauzia matembezi yao. Ukienda na matembezi ya meli, mkichelewa meli inawasubiri. Ukijitembelea mwenyewe, ukichelewa imekula kwako. Mimi nikasema matembezi yao ya nini? Mnafuatana nyuma ya mtu aliyeshika kibao, kama watoto wa chekechea! Nitawapangia mwenyewe, kisiwa kwa kisiwa. Kila mchana nikila chakula changu dirishani nilikuwa na simu, naangalia video za Barbados, za Santa Lusia, za Grenada. Mimi ambaye meli naijua kwenye kioo cha simu tu, nikaandika daftari zima: basi gani mpande, wapi kuna choo kisafi, wapi kuna samaki wa kukaanga, wapi mkae na mikoba yenu mbele.

Grenada ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa ajili ya kungumanga. Marehemu mama yetu alikuwa Mpemba aliyeolewa Tanga, na hakuna andazi lililotoka jikoni kwake bila kukwanguliwa kungumanga. Lakini sisi wanawe tulikuwa hatujawahi kuuona hata mti wake. Kumbe kile kisiwa kizima kinanuka kungumanga! Nikampangia Dada basi dogo la kupanda na ufuo, mpaka mahali akina mama wanapochambua kungumanga kwenye matreyi. Halafu wale samaki, halafu ufukweni. Mstari wa mwisho wa siku ile nikaandika: Meli inaondoka saa kumi na moja jioni.

Dada akalisoma daftari, akasimama pale pale. "Mdogo wangu, hapa weka saa za Kizungu. Mtoto hajui saa zetu."

"Mswahili gani hajui saa?" nikamjibu. "Ajifunze!"

Kwake yule, kumi na moja ni eleven. Nilijua hilo, wallahi nilijua. Kalamu ilikuwa mkononi, tarakimu nne tu, 17:00, kama ninavyowaandikia watu baki kila siku. Sikuandika. Nilitaka akwame kidogo. Nilitaka aje aniulize kwa aibu, na Dada aone kwamba amechukua mtu siye. Na ili asije akasaidiwa na mtu mwingine, nikawaambia makaratasi wanayowekewa chumbani wasiyasome, ni matangazo ya kuwachuna tu.

Na mtoto alivyo msikivu, akaniuliza kweli.

Siku ya Grenada nilikuwa nashusha shata la ofisi, jioni kwetu, kwao bado asubuhi. Simu ikalia mara mbili. Kwanza picha: Dada kavaa kofia ya ukindu, ameshika kungumanga mbichi iliyopasuliwa, basibasi yake nyekundu imeizunguka, anacheka mpaka jino la pembeni linaonekana. Sijamwona dada yangu akicheka vile tangu tumzike mama. Badala ya kufurahi, nikasema pale ningekuwa mimi.

Halafu sauti ya Zuhura. "Shikamoo, Mama mdogo. Pale kwenye mlango wa meli kuna board, imeandika 16:30 watu wote wawe ndani. Lakini wewe umeandika kumi na moja. Kumi na moja ni eleven ya usiku, neh? Ile ya 16:30 ni ya wale wa tour? Mama anataka kukaa beach mpaka jua liende. Niambie, please."

Niliisikiliza mara mbili. Nikacheka peke yangu pale barabarani, nikajiambia hee, hajui hata saa! Mwache ahangaike, nitamjibu nikifika nyumbani. Muda ulikuwepo, zaidi ya saa tano.

Ningependa kuwaambia kwamba umeme ulikatika, maana huku umeme hukatika na mngenihurumia. Haukukatika. Ningependa kusema simu iliibiwa Hillbrow kwenye vibaka wengi, na hilo nalo mngeliamini. Haikuibiwa. Nilifika, nikapanda ngazi kwa sababu lifti ni mbovu, jirani akaja na umbea wa harusi, tukapika, tukala, tukacheka, nikalala. Nilisahau. Dada yangu mmoja, na nilimsahau!

Nilipoamka kuswali alfajiri, simu imejaa. Amepiga, amepiga, amepiga. Chini kabisa kuna maneno machache: Mama mdogo, meli imeenda.

Kwa kuwa sikujibu, mtoto alilifuata daftari, akamwambia mama yake meli ni ya usiku, na Dada, aliyemwachia yeye daftari na saa zote, akamwamini. Walirudi bandarini jua linazama, na mchanga miguuni, na kimfuko cha kungumanga. Pale ilipokuwa meli pana maji matupu. Zuhura anasema mama yake alisimama akauliza, "Imehamia wapi?" Alidhani imesogezwa tu upande mwingine. Yarabi! Na dawa yake ya sukari, ile ya kudunga, ilikuwa kwenye kifriji cha chumbani melini, na meli imeondoka nayo.

Kesho yake sukari ilipanda hadi akawa haelewi anachoambiwa. Alilazwa siku mbili kwenye nchi ambayo hatuna hata mtu wa kumsalimia, mtoto akilala kwenye kiti, ameshika mkono wa mama yake. Angekufa. Naliandika neno hili kwa sababu kwa mdomo sijawahi kulisema: angekufa, na mimi nilikuwa nasikiliza umbea wa harusi.

Wakarudishwa kwa ndege. Nikaenda kuwapokea. Dada amekonda, anatembea amemwegemea mpagazi, hamwegemei binti yake. Akanikumbatia akasema, "Mpango wako ulikuwa mzuri, mdogo wangu. Umenionyesha kungumanga ya mama. Mtoto ndiye aliyeniponza, hajui hata kusoma saa."

Zuhura alikuwa nyuma yake na mabegi. Aliniangalia. Alikuwa ananingoja niseme.

Nami nikafungua mdomo wangu huu, nikasema, "Pole, Dada. Watoto wa siku hizi."

Mngenisikia pale mngenitemea mate.

Kuanzia siku hiyo mtoto akapewa jina. Eleven. Ukoo mzima na marafiki wote wa Turffontein, Eleven! Ramadhani tukikaa kungoja futari, mtu anasema, "Msimwachie Eleven aangalie saa, tutafuturu usiku wa manane!" Watu wanavunjika mbavu. Nami nacheka. Nilicheka kuliko wote, maana mwenye kosa ndiye anayecheka kwa sauti. Alikuwa ameanza kujikongoja na Kiswahili yule mtoto, anaomba afundishwe maneno, anaandika. Akaacha. Shikamoo ikafa. Nikiingia kwao ni "Hi, Aunty," na mlango wa chumba unafungwa.

Dada aliniletea kungumanga moja, nzima na ganda lake. "Hii yako, ya kukwangulia maandazi," akasema. Mpaka leo ipo kwenye droo ya vijiko. Nikivuta droo inabingirika, ko ko ko, mpaka nyuma, na kila ikibingirika najua inanidai. Maandazi sijapika tangu siku ile.

Sasa mwezi uliopita Zuhura alitumwa na mama yake alete mzigo wa kwenda Tanga ofisini kwangu. Akasimama kwenye foleni kama mteja. Mbele yake kulikuwa na Mkongo mmoja na mkewe, nawaandikia tiketi. Nikaandika 16:00. Nikaandika chini yake saa kumi jioni. Mkono umezoea, haukuniuliza. Nilipoinua macho, Zuhura anaitazama ile tiketi.

"Kumbe wewe unaandika zote mbili," akasema. Kwa Kiswahili. Mara ya kwanza baada ya mwaka.

Nilitamani ardhi inimeze, kiti na dirisha na mimi.

"Zuhura, mwanangu..."

"Ile voice yangu, Mama mdogo, ulisikiliza. Ile alama ilikuwa blue. Mimi niliona kule kule."

"Sasa kwa nini hukumwambia mama yako?"

Akainua mabega. Akatafuta maneno, moja moja, kama mtu anayeokota mchele. "Mama ana wewe tu hapa Joburg. Mimi nina friends. Nikisema, mama atabaki na nani?" Halafu akasema, "Mimi nilisubiri wewe useme."

Akaacha mzigo juu ya kaunta, akaondoka. Mteja aliyefuata alinikuta nalia, akadhani tiketi zimeisha.

Enyi mnaosoma, mkimpangia mtu safari, iwe ya meli iwe ya basi la Lusaka, mwandikieni saa anayoijua yeye, msimpime. Msafiri hapimwi njiani. Na mtu akikuuliza swali akiwa mbali, mjibu umesimama hapo hapo, hata kama una kinyongo naye, kinyongo kitakungoja. Na kosa lako usimwachie mtoto. Mtoto ataweza kulibeba, hilo ndilo baya lake, atalibeba kimya kimya hadi siku utakayoona amekuzidi utu.

Na wewe Dada. Najua ukurasa huu unausoma kila wiki, unaukunjia kwenye mkoba wako wa masufuria. Ulipofika kwenye kungumanga ulishanijua. Ni mimi. Ile saa niliiandika makusudi, na mtoto aliuliza, na nilimsikia.

Usinipigie mimi kwanza. Mtoto yupo chumbani kwake hapo. Mgongee, na umwite kwa jina lake.