Ametoka, Lakini Hajazaliwa

Mimba yangu ilikuwa ya wiki saba, na niliibeba nikiwa na ndevu. Kabla yangu aliibeba mke wangu, akaifikisha mwezi wa nane, kisha presha ikampanda na madaktari wakamfanyia upasuaji siku hiyo hiyo. Mtoto alipaswa kuja wiki saba baadaye. Alikuja Jumanne, saa nne asubuhi, wakati mimi niko chini ya gari la mtu wa mtaa wa Kiriri, nimelala chali, oili inanidondokea shingoni.

Alikuwa na kilo moja na gramu mia sita, na paja lake lilikuwa nene kama kidole gumba changu. Muuguzi wa chumba cha watoto wa aina hiyo, mama mmoja mnene aliyezungumza bila kunitazama, alinisomea yatakayotokea kana kwamba ananipa orodha ya sokoni.

"Baba, musishituke. Kwanza atapunguka kilo, kisha ataongezeka. Atakuwa manjano kidogo, tutamuweka chini ya taa. Kunyonya hajajua, atakula kwa mupira wa mu pua. Na mara moja moja atasahau kupumua."

"Atasahau?"

"Atasahau. Akisahau, mumukumbushe. Munamutekenya chini ya muguu, anakumbuka."

Mimi ni fundi wa magari. Injini ikizima natafuta sababu, nafungua, nasafisha, nafunga. Hapa nilikuwa nakabidhiwa kitu kinachozimika chenyewe, na spana niliyopewa ni kidole. Nilitaka kumgombeza yule mama, ila nilikuwa na oili mpaka masikioni na nilikuwa nalia.

Kisha akaniambia nivue shati. Mtoto wa hivi, alisema, anapona kwa joto la ngozi ya mtu. Wanaiita kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia ambaye hakuna mtu wa Bujumbura aliyewahi kumwona akipita. Kazi hiyo ilikuwa ya mke wangu, lakini kidonda chake kilitunga usaha na akakatazwa kulaliwa na chochote. Kwa hiyo maziwa yalikuwa yake, akiyakamua kwenye kikombe, na kifua kikawa changu. Wakanivisha mtoto kofia, yaani wakamvisha yeye, wakamlaza katikati ya manyoya yangu kama chura, wakatufunga pamoja kwa kitenge cha maua mekundu. Katika chumba kile walikuwepo wanawake sita waliofungwa hivyo hivyo. Walinisogezea benchi, wakaniuliza kama mgongo unauma.

Baada ya wiki mbili akajua kumeza kwa kikombe, na tukaruhusiwa kurudi nyumbani Gasenyi kwa masharti. Asitoke kifuani. Kila Jumatatu tumlete apimwe. Akifika kilo mbili na nusu, tumeshinda. Akikataa kuongezeka, anarudi kwenye kuvezi, lile sanduku la kioo lenye joto. Nilikuwa nimeona wawili wakirudishwa kuvezi, na mmoja hakutoka. Hapo kichwani mwangu hapakuwa na kitu kingine tena isipokuwa ile mizani.

Siku ya tatu mama mkwe wangu akafika kutoka Buterere. Maji yalikuwa yameingia kwenye mpunga wake, akaona bora aje kutusaidia kuliko kukaa akiutazama ukioza. Akaingia chumbani moja kwa moja, kikapu kichwani, na kunikuta kitandani kifua wazi.

"Yesu wangu!" alisema, akageukia ukuta.

Inabidi nieleze. Kwetu mkwe huheshimiwa kwa mbali. Hatuli sahani moja, hatugusani, na mwanamume kukaa kifua wazi mbele ya mama wa mke wake, afadhali azunguke Gasenyi nzima bila suruali. Lakini daktari alisema mtoto asitoke, na nyumba yetu ina vyumba viwili. Basi mama mkwe akaamua kuishi na mgongo wake mbele. Alijifunza kuingia kinyumenyume, akipapasa meza kwa makalio, uji mkononi, bila kumwaga hata tone. Alizungumza na ukuta na mimi nikaujibu mgongo. Wakati wa kumbadilisha mtoto nepi alitoka nje kabisa. Mke wangu alikuwa anashika kidonda chake na kutuomba, "Musinichekeshe, nyuzi zitakatika."

Jioni ile ile mama mkwe alitoa sheria yake. Hakuna kupiga vigelegele, hakuna kualika watu, hakuna kumpa jina.

"Mama, mtoto ana wiki mbili," nilisema.

"Ametoka, mukwe. Hajazaliwa." Aliuambia ukuta kwa upole sana. "Siku yake tunaijua, ni ile ya daktari. Muche ukitoka kitaluni mbele ya wakati hatusemi shamba limepandwa. Tunangojea."

"Kwa hiyo mke wangu bado ana mimba?"

"Apana. Yeye alimaliza yake." Akafikiri kidogo. "Mimba iko kwenu."

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Kesho yake akanizuia kunyanyua jerikeni la maji. Mja mzito hanyanyui. Jirani alifiwa, nikakatazwa kwenda msibani. Mja mzito haendi kwenye maiti. Nilipogombana na fundi wa umeme dirishani, akanituliza toka nyuma ya pazia, kwamba hasira zinaingia kwa mtoto. Uji wa ulezi ulikuja mara tatu kwa siku. Na kila asubuhi mgongo ule ule mlangoni uliniuliza, "Mukwe, munatamani nini?"

Siku ya kwanza nilijibu kwa hasira tu: "Ndagala wa kukaanga! Saa hii!"

Wakaletwa, dagaa wadogo wa ziwani kwetu, wenye pilipili. Nikawala wote. Siku ya pili nilijibu kwa adabu. Ilipofika wiki ya pili nilikuwa naamka nikiwawaza, na mchana natamani limau lenye chumvi, kitu ambacho maishani mwangu sikuwahi kukigusa. Miguu yangu ikavimba kwa kukaa. Sisemi zaidi.

Majirani walikuwa taabu nyingine. Siku mke wangu anapelekwa hospitali walijua anaenda kupumzishwa kwa sababu ya presha, na kwa kuwa tangu arudi hakutoka ndani, mama mkwe hakuwarekebisha. Jumatatu moja natoka kwenda kwenye mizani, koti limefungwa mpaka kidevuni, mwanamke wa nyumba ya pili akanisimamisha kwenye geti.

"Mama wa nyumba anazaa lini?"

"Bado kidogo," nilisema.

Kifuani mwangu kitu kikapiga chafya.

Alinitazama. Mimi nikajifuta pua. "Baridi," nikasema, na hiyo ni Bujumbura, jua la saa tano, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi.

Jumatatu hiyo mizani ilisoma sawasawa na Jumatatu iliyopita. Hakuongeza hata gramu moja. Muuguzi akaandika, akasema tumpe wiki moja zaidi, asipoongezeka basi kuvezi. Nikarudi kwa kupitia gereji, sijui kwa nini, nadhani nilitaka kusikia injini. Bosi wangu, mzee wa Buyenzi aliyezaliwa kati ya magari, aliangalia uvimbe ndani ya koti langu, akawaambia vijana wazime sigara, akaniletea kiti.

"Mambo yako nimeyasikia kwa mukweo," alisema. "Haraka haraka haina baraka, umuambie huyo wa ndani ya koti. Na we usiguse kitu hapa. Mwenye mimba hasukumi gari. Rudi kisha kuzaa."

Hakuna aliyecheka. Vijana wote walinipisha njia nilipoondoka.

Alhamisi ya wiki hiyo ndiyo siku nisiyopenda kuikumbuka. Ilikuwa alasiri, mke wangu amelala chumba cha pili, na mimi nabishana na mgongo wa mama mkwe juu ya jina. Nilimwambia mtoto hawezi kuishi bila kuitwa. Nikimtekenya, namwita nani? Yeye akasema mgeni haitwi jina kabla hajafika. Nikasema mgeni gani tena, huyu ana wiki nne, ameninyea mara ngapi. Nilikuwa nimepaza sauti, na nilipokaa kimya nivute pumzi, nikagundua kwamba kifuani mimi ndiye peke yangu niliyevuta.

Nikamtekenya mguu. Hakuna kitu. Nikamtekenya tena. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi.

"Mama!" nilipiga kelele. "Mama!"

Alikuja. Na alikuja kinyumenyume. Sitasahau mpaka nife: mwanamke mzima anakimbia mgongo mbele, mikono imenyooshwa nyuma, inapapasa hewa. Ikagusa goti langu, ikagusa kiwiko, ikagusa kitenge, ikaingia chini yake na kuupata ule mguu. Akaupiga kwa ukucha, mara moja, ukucha mgumu wa mtu aliyepanda mpunga miaka arobaini. Mtoto akaukunja mguu, akavuta hewa, akalia kwa sauti ya mwanambuzi.

Tukakaa hivyo, yeye ameshika mguu ule bila kuuachia, uso ukutani. Na mimi badala ya kumshukuru nikawaka.

"Hata leo, Mama! Hata leo munaogopa kifua changu? Angekufa hapa, na munatembea kama kaa!"

Aliufunika ule mguu kwa kitenge.

"Kifua cha mwanaume nimekiona, mukwe," aliuambia ukuta. "Nikigeuka, nitamuona. Nikimuona, nitamupenda. Mwacheni kwanza afike."

Wiki zote hizo nilidhani anamheshimu mkwe wake. Mjukuu wake hajawahi kumtia machoni hata mara moja, na yeye ndiye aliyekuwa anaamka kabla yetu kupika uji. Niliona aibu, nikamwomba radhi kwa sauti ndogo, na mgongo ukaitika.

Toka siku hiyo sikubishana tena. Nilikula uji wote. Nilikula ndagala, limau, chochote kilicholetwa. Jumatatu iliyofuata mizani ilipanda, na nyingine ikapanda, na Jumatatu ya mwisho, siku moja kabla ya ile tarehe ya daktari, ikapita kilo mbili na nusu. Muuguzi mnene kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Baba, munaweza kumutoa mu kifua sasa."

Nilisema asante, nikafunga koti, nikarudi naye vile vile.

Jumanne asubuhi mama mkwe alikuwa amefagia uwanja, ametandika mkeka mpya kitandani, amekunja juu yake nguo ndogo ambazo hatujui alizificha wapi. Aliingia kinyumenyume kama kawaida. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilingoja swali la ndagala.

Akageuka.

Mkono wangu wenyewe ulirukia kifuani kujiziba, miaka yote ya adabu haiishi kwa siku moja. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Leteni. Siku imefika. Mumezaa."

Nilifungua kitenge. Mpaka hapo niliweza. Kisha mikono yangu ikagoma. Nilimshika tu, nikatikisa kichwa, mtu mzima mwenye ndevu, na mke wangu akaniambia taratibu, "Mupe mama. Mupe." Nikampa. Pale alipokuwa amelala pakapigwa na hewa, na baridi ile niliisikia mpaka mgongoni.

Alimwangalia. Aliangalia paji, masikio, vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayekagua mchele. Uso wake ukafanya kile alichokuwa amekiogopa. Halafu akapiga vigelegele, na sidhani kama kuna aliyebaki amelala mpaka Buterere. Majirani wakajaa uwanjani. Yule wa nyumba ya pili akachungulia, akamwona mtoto anamfuata mtu kwa macho.

"Ee! Huyu amezaliwa leo?"

"Leo," alisema mama mkwe. "Sasa hivi."

Watu wakaimba, wakamshika mke wangu, wakampitisha mtoto. Mimi nilibaki nimekaa ukingoni mwa kitanda, shati wazi, mikono imekunjwa kumzunguka mtu asiyekuwepo. Kitu kilikuwa kimenikwama kifuani.

Mama mkwe akarudi, amembeba. Akanitazama, safari hii mimi, usoni. Akainama, mwanamke ambaye kwa desturi hakupaswa kunigusa hata nguo, akaushika mguu wangu mkubwa wenye oili isiyotoka, akaupiga unyayo kwa ukucha.

"Pumua, mwanangu," alisema.

Nikapumua.