Povu la Ziwa

Harufu ya mkojo uliokaa juani kwenye chupa ya plastiki hunipata kila nipitapo nyuma ya uwanja wa mpira hapa Bukavu, na kila mara hunirudisha darasa la sita.

Mwaka ule mwalimu wetu wa lugha alitutaka tuandike shairi la mpira kwa ajili ya sikukuu ya shule. Alituambia tusiandike kwamba watu walifurahi au walikasirika. Umati unafananishwa na kitu kingine, alisema, ndipo msomaji anausikia kifuani. Mimi nikaufananisha na ziwa letu, akanisifu mbele ya wote. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Jumapili, baada ya misa, baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Papa, akanipeleka uwanjani nikalione ziwa langu.

Tulikaa karibu na goli la wageni. Timu yetu ilipofungwa, watu wakaanza kumtukana golikipa wa wageni, kijana mwembamba mwenye soksi zilizotoboka. Alipokuja kuokota mpira karibu nasi, wakamtemea mate. Chupa ikaruka, ikapasukia shingoni mwake, na mkojo ukamwingia ndani ya jezi. Akainama akatapika. Watu wakacheka. Papa, ambaye asubuhi ile alikuwa amepokea komunyo, alivuta makohozi kutoka ndani kabisa, akayarusha. Yakashika kwenye nywele za yule kijana, yakaning'inia.

Jumatatu niliandika hivyo hivyo, mate na makohozi, ila sikumtaja Papa. Mwalimu akakata mistari yote kwa kalamu ya bic nyekundu.

“Hii iko uchafu, mutoto,” aliniambia taratibu. “Rudisha ziwa yako.”

Nikaandika kwamba ziwa lilichafuka, likatupa povu ufukweni. Siku ya sikukuu, niliposoma mstari huo, ukumbi mzima ulisimama. Papa alipiga makofi kuliko wote. Akanikumbatia mimi binti yake, akaniambia, “Uko na kichwa, mama.” Pumzi yake ilinigusa shavuni, nikajifuta kwa kiganja.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini mstari ule ulipendwa vile. Wengi mle ukumbini walikuwa uwanjani Jumapili ile, nami nilikuwa nimewanawisha midomo. Yule kijana hakutemewa na ziwa. Alitemewa na Papa, na mimi, kando yake, nilikuwa nacheka.