Sakoshi ya Misuko na Buletini Tano

Sisi tuliokuwa watoto Bunia katika miaka ya vita tulijifunza kusoma, kuhesabu na kukimbia, na katika kukimbia ndiko tulikopata pointi nyingi. Kila nyumba iliweka mfuko nyuma ya mlango, tayari kwa safari ambayo hakuna aliyeitaka: chumvi, kiberiti, sahani za bati, karatasi za ubatizo, na buletini za watoto wote, zile karatasi za matokeo ya shule. Watoto wa leo tukiwasimulia hivi wanatuangalia kwa huruma, kama wanaangalia kuku aliyenyeshewa. Wasitusikitikie kiasi hicho. Tulicheza kamba hadi vumbi likaingia kwenye meno, tulikula mahindi ya kuchoma tukapaka midomo masizi, na mimi, katikati ya hayo yote, nilifuma sakoshi, mkoba wa kubebea vitu, ambayo mpaka leo sijaona duka linalouza ya kuifikia.

Niwaeleze kwanza kwa nini niliifuma. Mimi ni mtoto aliyerudia darasa kwa sababu ya mfuko. Mara ya kwanza tulipokimbia, Mama alibeba ule mfuko mkubwa wa plastiki wenye miraba, ambao wote mnaujua. Tukishuka kilima, mvua inanyesha, watu wanasukumana, mkono wa mfuko ukakatika. Sahani tuliziokota zote. Hata vijiko tulivihesabu. Buletini yangu ya mwaka wa nne ndiyo iliyobaki kwenye tope, na miguu ya watu ikapita juu yake.

Tuliporudi baada ya wiki kadhaa, shule ikafunguliwa, lakini ofisi ilikuwa imeporwa na register zote zimechomwa. Mama akanipeleka kwa direkta, mkuu wa shule.

“Bila buletini, mutoto anarudia,” direkta akasema. “Siye hatuna register tena. Tutajua namna gani alipita?”

“Miye najua,” Mama akajibu. “Alikuwa wa tano mu klase.”

“Mama, kila mama anakuya hapa, mutoto wake alikuwa wa tano.”

Basi nikarudi mwaka wa nne, mrefu kuliko wenzangu wote, nimekaa kwenye benchi la nyuma nikikunja magoti. Aibu niliyoisikia mwezi wa kwanza sijaisahau. Aliyeniokoa ni Mave, msichana mwembamba aliyekaa nami benchi moja. Alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Siku ya kwanza aliniuliza kama kweli nilishasoma masomo yote yale mwaka uliopita. Nikasema ndiyo. Akasogeza daftari lake karibu na langu na kuniambia tutaishi vizuri.

Mave ndiye aliyenipeleka kwa Tantine Odile. Huyu, shangazi wa watoto wote, alikuwa mshonaji wa mtaa wetu. Cherehani yake iliporwa, ikabaki meza tupu, naye hakujua kukaa bure. Kila alasiri alitukusanya wasichana watano kwenye barza, baraza ya mbele ya nyumba yake, akatufundisha kufuma kwa kroshe. Sindano za kweli hatukuwa nazo. Tulikwenda kwa fundi wa moto, zile pikipiki, kuomba rayo, spoku za magurudumu zilizovunjika, tukazikunja ncha, tukazisugua kwenye saruji ya ngazi hadi zikawa laini. Mchana mzima mtaa ulisikia kwaru, kwaru, kwaru, na majirani wakalalamika kwamba risasi zimenyamaza lakini Odile ameanza.

Uzi nao ulikuwa na historia yake. Kila msichana alileta triko, sweta iliyochakaa kutoka kwao, tukaifumua kuanzia shingoni, mmoja anavuta, mwingine anazungusha kwenye mikono ya mwenzake. Sufu peke yake Tantine aliikataa. Ilikuwa laini mno, itavutika. Kwa hiyo tulifumua pia masaki, magunia ya unga wa msaada, tukatoa zile nyuzi ngumu za nailoni, tukazisokota pamoja na sufu juu ya mapaja yetu. Mapaja yaliwaka moto. Vidole vilikatika. Tantine akaleta karanga za kukaanga, tukatafuna tukisokota, tukawasema watu wote wa mtaa ule bila kumbakiza hata mmoja.

Wenzangu walifuma vitambaa vya kuweka juu ya viti. Mimi nikasema nataka sakoshi ya kukimbilia, isiyokatika, yenye upana wa kulaza buletini bila kuikunja. Mnakumbuka wenyewe: buletini ilikuwa karatasi ngumu, na kuikunja ilikuwa dhambi ya kuitiwa mzazi. Tantine alijua habari ya ule mfuko wa miraba. Akasema atanifundisha misuko.

Nyinyi mnaofuma mnaijua, ile inayopanda juu ya kitambaa kama mistari ya nywele zilizosukwa. Unaruka vitanzi viwili, unafuma viwili vinavyofuata, na sindano haiingii juu, inakumbatia shina la mstari wa chini. Halafu unarudi nyuma kuchukua vile viwili ulivyoviruka, unavipitisha mbele ya wenzao. Kitambaa kinakuwa kinene, kigumu, chenye mabonde na vilima. Wiki ya kwanza kila nilichofuma kilifanana na kidonda. Wiki ya tatu mkono ukaelewa, nikawa nafuma hata darasani chini ya benchi, huku Mave akinijibia mwalimu.

Sasa sikieni ujinga wangu. Niliazima buletini ya dada yake Mave, nikaanza mstari wa kwanza ukiwa sawasawa na upana wake, na vidole viwili vya ziada. Nikajisifu kwa kila aliyepita. Nikafuma mwezi mzima. Siku niliyofika katikati, nikaleta ile buletini kuipima. Haikuingia. Sakoshi ilikuwa imebana, imekuwa nyembamba kama soksi.

Tantine hakucheka. Aliipapasa, akasema, “Musuko inakula upana, Rebeka. Kila musuko inaomba vitanzi bili juu ya ile unahesabu. Nilikuambia, ulikuwa unasema tu.”

Na kweli alikuwa ameniambia. Kisha akashika uzi akavuta, akafumua mwezi wangu wote mbele ya macho yangu, nami nikalia kwa sauti kubwa hata Mama akatoka nyumbani akidhani wameanza tena kupiga risasi.

Ubaya ni kwamba kwa upana mpya uzi haukutosha, na nyumbani hatukuwa na triko nyingine. Siku mbili sikwenda barzani. Siku ya tatu Mave akaja kwetu, ameshika mikono miwili ya triko nyekundu. Mikono tu. Triko yenyewe alikuwa ameivaa, haina mikono, kwapa zimepindwa kwa uzi mweusi.

“Mama yako atakupiga,” nikamwambia.

“Alishanipiga,” akasema. “Kamata, tuanze.”

Wengine nao walileta, huyu triko ya kijani, yule ya njano, mwingine mabaki ya soksi za baba yake. Ndiyo maana sakoshi yangu ilikuwa na rangi tano zisizojuana. Mama alisema inafanana na bendera ya nchi ambayo bado haijapatikana. Mimi niliiona nzuri kupita kitu chochote katika Bunia yote, na sikudanganyika.

Tantine alikuwa na mtihani wake. Kazi ikimalizika, aliitundika kwenye mti wa paa la barza, akaweka ndani bido, dumu la maji la litre kumi, na kuiacha kutoka asubuhi hadi jioni. Sakoshi aliyojaribu Mave mwenyewe ilianza vizuri, lakini saa sita mkono wa sakoshi ulikuwa umerefuka hadi bido ikakaa chini, imetulia kama mgeni. Tulicheka hadi tukashika matumbo. Yangu ilining'inia siku nzima. Misuko ilijivuta kidogo, ikakaza, ikakataa kwenda zaidi. Jioni Tantine akashusha bido, akazungusha sakoshi mikononi, akasema tu, “Hii iko sawa.” Yeye hakuwa mtu wa kusifu. Usiniulize nilivyotembea kurudi nyumbani.

Mwaka ukaisha, tukapewa buletini. Wote watano tulikuwa tumepita kwenda mwaka wa tano. Siku hiyo tulikaa barzani tukila mikate ya mafuta, na Mave ndiye aliyetoa wazo. Kwao mfuko ulikuwa wa miraba, kama wetu wa zamani.

“Weye shika yangu,” akasema. “Sakoshi yako haikatike.”

Mmoja akafuata, na mwingine. Tantine akakubali, akazifunga zote tano ndani ya plastiki moja, akaziteremsha ndani ya misuko yangu. Zilikaa wima bila kukunjwa hata pembe. Nakwambia nilijiona mkubwa kuliko direkta. Na hakuna hata mmoja wetu, hata Tantine, aliyewaza jambo moja dogo. Mara ya kwanza mtaa wote ulikuwa umekimbilia njia moja, basi tukaamini kwamba siku zote tutakimbia pamoja.

Ilikuwa mwezi wa nane, asubuhi. Mlio wa risasi ulianza upande wa soko, na dakika chache baadaye mtaa mzima ulikuwa barabarani. Mama akachukua sakoshi yangu kutoka nyuma ya mlango, bila kusema neno lolote juu ya bendera. Akatia ndani chumvi, sahani, na kipande kizima cha samaki wa chumvi wa Kasenyi, kule ziwani. Kwenye njia panda nikamwona Mave. Watu wao walikuwa wanasukumwa kuelekea Iga Barrière, kaskazini. Sisi tulikuwa tunasukumwa kuelekea kusini. Aliinua mkono wake mwembamba juu ya vichwa, akapunga, akicheka kama kawaida yake. Mimi nikapunga. Tulikuwa tumekwenda karibu saa nzima ndipo nilipokumbuka nimebeba nini.

“Mama, buletini ya Mave iko humu. Iko za bote.”

“Tembea, mutoto yangu.”

“Mama, atarudia mwaka.”

“Tembea. Tutamurudishia.”

Tulitembea siku nyingi. Mama alibeba sakoshi begani, na kichwani, na mara moja tulipovuka mto akaiuma kwa meno. Haikukatika. Mji tuliofikia, upande wa Beni, ukafungua shule mwezi wa tisa, nami nikasimama mbele ya direkta mwingine, nikachomoa buletini yangu. Ilikuwa imenyooka, safi, imechorwa mgongoni alama za misuko kwa kukandamizwa njiani. Direkta akaisogeza karibu na macho, kisha akaisogeza mbali na pua.

“Huyu mutoto anatoka wapi na hii harufu?”

“Anatoka Bunia, na alikuwa wa tatu mu klase,” Mama akasema, na safari hii alikuwa na karatasi.

Niliingia mwaka wa tano. Furaha yangu ilikuwa kubwa, lakini kila jioni nilitoa zile buletini nne nyingine, nikazipanga kitandani, nikazisoma majina, nikazirudisha. Hakukuwa na mtu wa kuzituma naye. Simu hatukuwa nazo, na njia zilikuwa zimefungwa.

Tulirudi Bunia mwaka uliofuata. Tantine alikuwepo, barza ilikuwepo, na mmoja mmoja wasichana wakaanza kutokea. Kila mmoja nilimkabidhi yake kwa mikono miwili, akainusa, tukacheka. Wale watatu, shule za huko walikokimbilia ziliwapokea hivyo hivyo, bila buletini. Mave alikuja mwisho. Nilimwona anatokea kwenye kona, amerefuka, nikakimbia hadi nikaacha ndala moja barabarani. Nikampa buletini. Akaiangalia mbele na nyuma, akainusa.

“Inanuka Kasenyi,” akasema. Halafu, kwa sauti ile ile, “Niko mu mwaka ya ine tena. Kule balikatala. Bila buletini, mutoto anarudia.”

Machozi yalinitoka, maana hakuna mtu duniani aliyejua uchungu ule kunishinda, na mimi ndiye niliyempa. Mave akanitazama nikilia, akaketi kwenye ngazi ya Tantine, akaanza kucheka kile kicheko chake.

“Ile ya miraba ilikatika, weye ukarudia. Hii ilikatala kukatika, nikarudia miye,” akasema. “Tantine, sasa mutufundishe kufuma sakoshi ya kati.”

Hata Tantine Odile, ambaye sikumbuki kama nilishawahi kuona meno yake, siku hiyo niliyaona.

Leo Mave anafanya biashara Iga Barrière, na kila mwezi wa saba ananipigia simu kuniuliza kama watoto wangu wamepita, kisha ananikumbusha kwamba kuna mwaka wake mmoja bado uko kwangu. Ananitania, lakini mimi kila mara moyo unanichoma kidogo, na kila mara nafurahi kwamba ameniita.

Watoto wetu hawana shida hizo, na namshukuru Mungu. Wana sakoshi za dukani, nzuri kwa rangi, ambazo hazifikishi hata Noeli. Juzi binti yangu alipewa buletini yake mlangoni mwa shule. Kabla hajapanda moto ya kurudi nyumbani alikuwa ameshaipiga picha, ameshamtumia baba yake, bibi yake, na wajomba ambao hawajawahi kumuona. Hakuna tope litakaloifikia tena. Nikafurahi naye, nikamkaangia mikate. Tulipokuwa tunakula nikamuuliza: kama leo tungelazimika kuondoka ghafla, hiyo karatasi yako ungempa rafiki gani akushikie?

Akaacha kutafuna.

“Lakini mama,” akasema, “si iko mu simu.”