Hatua za Nyongeza za Mzee Timazi

Dobi alikuwa amechoka roho, na hata jua halijapanda. Baba yake, fundi mwashi mstaafu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, uso ameugeuzia ukutani, simu ya bintiye huyo mapajani. Mtaa mzima walimwita Mzee Timazi, kama ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu enzi zake alikuwa tayari kubomoa ukuta wa fundi mwenzake ukipinda kidogo tu.

"Konokono kafika kwake," alisema. "Mchezo umekwisha. Basi."

Basi! Yaani mtu anatamka hivyo kama vile hana mkono wa kulia uliolala tangu apate kiharusi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema wazi: mkono usipotumika utakakamaa, na ukikakamaa ndiyo imetoka hiyo. Akampa mpira laini wa kuminya. Mzee akauliza kama wamemwona anaota meno.

Kilichomnasa ni mchezo wa chemshabongo kwenye simu. Kuna konokono mdogo, kavaa kofia ya sufu, anataka kurudi nyumbani, nawe unamsogezea mawe kwa kidole apate pa kupita. Mzee alimpenda yule konokono kupita kiasi, akawa anamwita bwana mdogo. Dobi akaweka sharti moja tu: kidole kiwe cha mkono wa kulia, na mkono wa kushoto aukalie. Kidole kikaanza kuamka, taratibu na kwa manung'uniko mengi. Na sasa hatua za mchezo zimekwisha, mzee karudi kutazama ukuta.

Hatua za nyongeza zilikuwepo, za kupakua bure. Simu ilisema bure, halafu ikasema nafasi imejaa. Ilijaa picha za madoa. Dobi alikuwa na utaratibu wa kupiga picha kila nguo mbele ya mwenyewe kabla ya kuipokea, maana kuna wateja ambao siku ya kuchukua mzigo wanasahau kila kitu, doa la mafuta la mwaka juzi linakuwa lako wewe. Picha hizo ndizo zilizokuwa ngao yake. Akazifuta zote huku moyo ukimuuma. Simu ikadai toleo jipya la mchezo kwanza. Akalipakua. Mtandao ukakatika, ukarudi, kazi ikaanza upya. Kisha simu ikataka nywila.

"Nywila gani tena, na mimi sina siri na mtu?" Dobi aliifokea simu.

"Usiifokee, itagoma," baba alisema.

"Baba, naomba unyamaze kidogo."

Alipofanikiwa hatimaye, hasira zilikuwa zimemfika kooni na nguo za watu zilikuwa zinamngoja. Akamkabidhi baba simu, akaenda zake uani kusuuza.

Hata hajamaliza beseni la kwanza, akasikia kelele. Katika hatua hizi mpya konokono hasogezewi mawe, anajengewa ukuta wa kupandia. Mzee alikuwa ameujenga wake kwa kufungamanisha matofali kama inavyotakiwa, tofali la juu likifunika kiungo cha matofali mawili ya chini. Mchezo ukamwambia amekosea, ukamwonyesha jibu: matofali yamepangwa moja juu ya jingine, wima, kama masanduku ya soda.

"Kiungo juu ya kiungo! Nani kawafundisha hawa kujenga?"

"Baba, ni mchezo. Wafuate wanavyotaka."

"Niwafuate? Nimpandishe bwana mdogo juu ya kitu kitakachomwangukia?"

"Ana gamba, baba."

"Gamba! Ndiyo maana nyumba zinadondoka siku hizi." Akaiweka simu chini. "Sichezi na mafundi vishoka."

Dobi alitaka kulia. Picha zote zile, asubuhi yote ile, kwa ajili ya mtu anayebishana na konokono. Akainamia beseni asije akatamka neno la kumvunjia mzazi heshima.

Mzee hakuwa amemaliza. Alijikokota mpaka uani na mkongojo wake, akajitupa kwenye kigoda cha kufulia. "Tazama hapa, maana naona na wewe huelewi."

Beseni la nguo zilizokwisha kusuuzwa lilikuwa limekalia matofali. Mkono wa kushoto umeng'ang'ania mkongojo, mzee akainama, akachomoa tofali moja. Beseni likalala ubavu. Mashati meupe ya wahudumu wa hoteli yakamwagika yote kwenye tope.

Dobi alifungua mdomo, na safari hii maneno yalikuwa tayari. Ndipo akaona. Vidole vya mkono wa kulia, vyote vitano, vilikuwa vimelishika lile tofali. Vililiburuta, vikalipandisha juu ya mengine mawili yaliyobaki pale chini, vikalisukuma mpaka likafunika kiungo sawasawa. Mzee mwenyewe hakuviona. Alikuwa anaangalia kama tofali limenyooka.

"Umeona?" akauliza kwa ukali. "Hili halianguki."

Dobi aliyatazama mashati, akayaacha pale pale topeni.

"Bado sijaelewa, baba," akasema. "Hebu leta na lile jingine pale kando ya beseni."

"Una kichwa kigumu, wewe," mzee akanguruma, akanyoosha mkono wa kulia kulifuata.